Maksai Asiye na Hereni

Ng'ombe elfu nne wa mzee Milo Zelenka walikuwa na hereni za plastiki masikioni, kila mmoja na namba yake, kama wanafunzi wa bweni. Mmoja tu hakuwa nayo, na huyo ndiye aliyekuwa akiliwa nyumbani.

Siri yenyewe haikuwa siri. Upande ule wa Nebraska kila mwenye boma la kunenepeshea ng'ombe alikuwa na maksai wake wa nyumbani, anayelishwa majani nyuma ya nyumba, mbali na wenzake. Wale elfu nne walisimama kwenye matope wakila mahindi na dawa zilizochanganywa humo humo, na kidonge cha homoni kimepachikwa nyuma ya sikio, wakaumuka kama unga wa mkate, kisha wakapakiwa kwenye malori kwenda kulisha nchi. Wa nyumbani aliumuka taratibu, kwa wakati wake. Ukimuuliza mzee Milo kama nyama ya boma ina madhara, alikujibu kwa sauti ya kanisani: "Haina neno! Imepimwa!" Ukimuuliza basi mbona yeye haili, alikumbuka ghafla kwamba pampu ya maji ina kelele ngeni, akaenda kuitazama.

Maksai wa mwaka ule aliitwa Jumapili, kwa kuwa ndiyo siku ambayo angeliwa. Waliompa jina hawakutaka kumdanganya.

Wade, kitinda mimba wa mzee, alikuwa na miaka ishirini na miwili, na kazi yake ilikuwa kuzunguka bomani juu ya farasi akitafuta wagonjwa: huyu masikio yamelala, yule anachechemea, yule kamasi limefika magotini. Alimtenga mgonjwa, akamdunga, akatoa daftari mfukoni na kuandika namba ya hereni, dawa, kipimo, tarehe, na siku ambayo ng'ombe yule asichinjwe kabla yake. Alikuwa mwandishi mzuri wa daftari. Ubaya wake ulikuwa ulimi. Alimtania kila mwenye masikio, na hata padre wa parokia akimwona anakuja alianza kucheka mapema ili kuokoa muda.

Na kati ya wote aliowatania, hakuna aliyepata haki yake kamili kama shemeji yake Noelle.

Noelle alikuwa mke wa Galen, kaka yake Wade, binti wa jiji la Omaha, mtunza maktaba. Miaka miwili ya ndoa, na hajawahi kutia mdomoni nyama ya ng'ombe katika nyumba ile. Alikuja na kuku wake kwenye kibati, amemfunga vizuri na karatasi. Kwa watu waliolelewa na ng'ombe, hilo ni tusi linalovuta kiti na kula nawe. Hakueleza sababu zaidi ya kusema, "Sipendi nyama yenye madawa." Wade alichukulia kwamba ni maringo ya mjini.

"Shemeji," alimwambia Pasaka moja, "huyo kuku wako kasoma mpaka darasa la ngapi?"

"Kakuzidi wewe," akajibu Noelle, na meza nzima ikapiga makofi.

Siku nyingine Wade alimnong'oneza kwa uso wa msiba, "Shemeji, usiyale maharage hayo. Nimeyachoma sindano asubuhi, naapa." Akayaacha kweli, kabla hajamwona Wade anakunja midomo asicheke. Tangu hapo kila sahani iliyopita mbele ya Noelle ilikuwa na sindano yake: viazi, kabichi, hata keki ya harusi ya binamu yao.

Kiangazi kile mzee Milo akaamua yatosha. Alimchukua mkwewe mpaka uani, akaegemea ua, akamwonyesha Jumapili akitafuna majani bila haraka.

"Mwanangu," alisema, "huyu hana kidonge, hana mahindi, na sindano haijui sura yake tangu azaliwe. Nakuapia kwa kaburi la mama yangu. Akichinjwa, utakula nasi?"

Noelle akamtazama maksai, akamtazama mzee, akasema, "Huyu nitamla, baba."

Mzee alitembea wiki nzima akiwatangazia watu, kama aliyepata mjukuu.

Sasa siku yenyewe ilikuwa imefika, Jumapili ya Oktoba, wametoka kanisani, makoti yote yamerundikwa juu ya kitanda cha wazee kama desturi ya nyumba ile siku za wageni. Mezani nyama ya bega na shingo ilikuwa imelala kwenye sinia kubwa, imepikwa tangu alfajiri na vitunguu. Pembeni bakuli la mchuzi mzito wa maziwa, na madonge ya unga wa ngano yaliyopikwa kwa mvuke, yamekatwa vipande kwa uzi kama walivyofanya mabibi waliotoka Bohemia, nchi ya Wacheki.

Na Wade alikuwa kimya.

"Wewe unaumwa?" mama yake, Arlene, alimuuliza. "Dakika tano nzima hujamtukana mtu."

"Anasali," alisema Galen. "Leo hana pa kutolea utani. Mke wangu anakula."

Wade akacheka kwa meno tu.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Wiki tatu na nusu zilizopita, Jumanne, alipita kando ya malisho ya nyumbani akamkuta Jumapili anachechemea. Ukwato wa mbele umevimba, unanuka. Wade alikuwa na bomba la sindano limeshajazwa penisilini, la maksai mmoja wa bomani. Mkono uliozoea haungoji ruhusa ya kichwa: alimbana mnyama kwenye kona, akamdunga shingoni upande wa kushoto, na kesho yake akarudia, kama alivyofanya kwa mamia. Kisha akatoa daftari na kutazama sikio aandike namba.

Sikio halikuwa na namba. Daftari halikuwa na ukurasa wa ng'ombe asiye na namba.

Akalirudisha mfukoni. Nitamwambia mzee jioni, alijisemea. Jioni mzee alikuwa kwenye simu akimsimulia mjomba habari za maksai ambaye sindano haijui sura yake, na Wade akaona maneno yake hayana mlango wa kupitia. Kesho yake akatumwa jimbo la Wyoming kununua ndama, akakaa huko siku kumi. Kurudi, malisho ni matupu. Mchinjaji wa mjini alikuwa amepata nafasi mapema kuliko ahadi, na mzee si mtu wa kuacha nafasi ioze.

Zilikuwa zimepita siku tisa tangu sindano ya mwisho. Daktari wa mifugo aliwafundisha kwamba kwa kipimo kile wangoje mwezi mzima. Na mchinjaji mdogo wa mjini, anayemchinjia mtu ng'ombe wake ale mwenyewe, hapimi dawa. Anapima kilo.

Wade alihesabu kwa vidole. Siku tisa kabla ya kisu, na wiki mbili nyama imening'inia kwenye chumba cha baridi. Alijua vizuri kwamba mfu hasogezi tarehe, kwamba dawa hutolewa na damu inayotembea. Alizihesabu hivyo hivyo, kama mwanafunzi anayejisahihishia mtihani, akajipa maksi za kupita. Nani aliwahi kufa kwa mchuzi?

"Haya," alisema mzee Milo, akasimama na kusugua viganja. Katika nyumba ya Zelenka, siku ya kuonja maksai mpya, aliyeingia mwisho katika ukoo ndiye anayechovya kwanza donge kwenye mchuzi, na wengine wote wanangoja. "Noelle, mama, bakuli ni lako."

Noelle akachukua kipande cha donge. Hakuchovya mara moja.

"Kabla sijala, nataka niwaambie kitu," alisema. "Mmenivumilia miaka miwili, na mmedhani naringa. Galen tu ndiye anajua. Nilipokuwa na miaka tisa nilidungwa penisilini kwa ajili ya koo. Nilivimba mpaka mama yangu akashindwa kuniona macho. Walisema nilikata pumzi dakika nzima. Nikiwa mkubwa nilikula nyama kwenye harusi ya rafiki, ya ng'ombe ambaye hakuna aliyejua alipewa nini, koo likaanza kufunga vile vile. Daktari alisema huenda yalikuwa mabaki ya dawa, huenda siyo. Mimi sikutaka kujaribu tena nijue." Akatabasamu kwa mzee. "Sikuwa nawadharau, baba. Nilikuwa naogopa."

Mama Arlene alishika kifua. Mzee Milo akapepesa macho, akasema, "Basi umefika kwenye nyama yako, mwanangu."

Noelle akazamisha donge kwenye mchuzi.

Wade akanyoosha mkono juu ya meza.

"Shemeji, usile," alisema.

Halafu Galen akaanza kucheka. "Nilijua! Nilijua hawezi kumaliza mlo mzima!"

"Sitanii. Usile hiyo nyama. Usile mchuzi. Weka chini."

"Imechomwa sindano, siyo?" alisema Noelle.

"Ndiyo!"

Meza ikaangua kicheko. Mama Arlene alijipangusa macho kwa kitambaa. "Wade, mwanangu, leo hapana. Mwenzio ametuambia jambo zito."

"Mama, naapa—"

"Uliapa na kwa maharage," alisema Noelle, na safari hii hakucheka. Alimtazama Wade moja kwa moja machoni, kama mtu aliyechoka kuwa ngoma ya mwingine. Mchuzi ulikuwa unadondoka. Akaliweka donge lote mdomoni, akatafuna, akameza. "Tamu," alisema. "Nyingine ipo, shemeji?"

Wade aliinuka kwa kishindo, kiti kikaanguka. Hakuwa na neno lililobaki ambalo halijawahi kutumiwa kwa mzaha. Alivuta sinia, akachukua kisu cha kukatia mkate, akaanza kuipasua ile nyama.

"Wewe! Una wazimu?" alifoka mzee.

Wade aligeuza bonge la kwanza, akalitupa kando. La pili lilikuwa la bega. Mikono ilikuwa inateleza kwa mafuta ya moto, vidole vinaungua, naye anapasua. La tatu lilikuwa shingo, upande wa kushoto. Akaipasua kwa urefu, na katikati ya nyama ya kahawia iliyolainika kikatokea kitu cheupe, kigumu, upana wa kidole gumba, chenye kingo za kijani hafifu. Kovu la sindano halilainiki, upike mpaka kesho.

Akalisukuma sinia mbele ya baba yake.

Mzee Milo alikuwa ameona makovu ya namna ile maisha yake yote. Aliliangalia, na rangi ikamtoka usoni kama maji yanavyotoka kwenye beseni.

"Nani?" aliuliza.

"Mimi. Alikuwa na ukwato unaooza. Penisilini, mara mbili, siku tisa kabla hujampeleka. Sikuandika. Hana hereni, sikuwa na pa kuandika."

Galen alishamshika ukosi. Ngumi ilikuwa juu tayari, na ingeshuka, kama Noelle asingesema kwa sauti ndogo sana:

"Galen. Ulimi unawasha."

Ngumi ikabaki hewani. Noelle alikuwa ameshika shingo. Chini ya sikio, pale ngozi ilipokuwa nyeupe kama maziwa, vilikuwa vinachomoza vipele vyekundu, kimoja kimoja, kama matone ya kwanza ya mvua kwenye vumbi.

"Kalamu yako iko wapi?" Galen alipiga kelele. "Sindano yako ya dharura!"

"Mkobani... kitandani."

Wade alifika chumbani kabla sentensi haijaisha. Kitandani kulikuwa na mlima wa makoti. Alirusha koti la mzee, koti la mama, shali, skafu, koti jingine, akapata mkoba, si wenyewe, ulikuwa wa mama yake, una rozari na pipi. Akaurusha. Kutoka mezani alisikia kikohozi, kikavu, cha juu juu. Alisikia mama yake akianza Salamu Maria kwa Kicheki cha bibi yake, lugha aliyoikumbuka akiogopa tu. Mkoba wa Noelle ulikuwa umeangukia nyuma ya kitanda, ukutani. Wade alilala kifudifudi, akaunyoosha mkono mpaka bega likalia, akaunasa kwa kidole kimoja.

Aliporudi, midomo ya Noelle ilikuwa imenenepa na macho yamebaki michirizi. Galen aliichukua kalamu, akaigeuza huku na huku.

"Kofia ya buluu itoe," alisema Wade. "Pajani. Juu ya nguo hapo hapo. Bonyeza mpaka ilie. Usiivute mpaka uhesabu kumi."

Maana sindano, ya mtu au ya ng'ombe, Wade alizijua. Galen akabonyeza. Ikalia.

Hospitali ilikuwa maili thelathini na moja. Walipiga simu, gari la wagonjwa likaanza kuja kutoka huko huko, nao wakatoka kulilaki. Mzee Milo alishika usukani. Barabara ilikuwa na malori ya mavuno, na mzee aliyapita moja baada ya jingine, taa zinawaka mchana kweupe, mkono haujatoka kwenye honi. Galen alimkumbatia mkewe kiti cha nyuma. Wade alikaa mbele, amegeuka, anahesabu pumzi zake kama alivyozihesabu za ndama wenye homa. Ishirini na nane. Thelathini na mbili. Kila pumzi ya Noelle ilikuwa na filimbi ndani yake, na filimbi ikikatika, watu watatu waliacha kupumua wakingoja irudi.

Walikutana na gari la wagonjwa maili ya kumi na tisa.

Hospitalini daktari alitoka na ubao wake wa karatasi. "Kala nini, chenye dawa gani, kiasi gani?"

Galen alimtazama baba yake. Mzee alimtazama Wade. Na Wade akasema yote, moja baada ya jingine, jina la dawa, ujazo, upande wa shingo, siku, bila kupamba. Daktari aliandika. Ukurasa ambao Wade hakuupata wiki tatu na nusu zilizopita ulikuwa sasa mkononi mwa mtu mwingine.

"Dozi ya pili ya dawa ile ya kalamu imemkaa vizuri," daktari alisema. "Uvimbe umeanza kushuka. Atalala hapa leo tumwangalie. Dakika chache zaidi bila ile kalamu, nisingekuwa naongea nanyi hivi."

Galen aliingia ndani bila kugeuka. Wawili wakabaki kwenye viti vya plastiki. Wade alingoja. Alijua baba yake akikasirika huanza na kutanua pua.

"Nilimwona anachechemea," alisema mzee mwishowe.

"Nani?"

"Jumapili. Jumatatu ile, kabla yako. Alhamisi nikamwona hachechemei." Mzee alikuwa anatazama viganja vyake. "Ukwato uliooza hauponi wenyewe kwa siku tatu. Miaka arobaini niko na ng'ombe, nisijue hilo? Sikukuuliza, Wade. Nilishaapa kwa kaburi la mama yangu. Nikaona nisipouliza, kiapo kitabaki kizima."

Wade alitafuta utani. Kwa mara ya kwanza maishani alifungua ghala akakuta panya wamemaliza.

Noelle alirudi nyumbani Jumatatu, uso umevimba upande mmoja. Wiki tatu hakusema na Wade. Galen alikaa miezi miwili bila kusema naye. Nyama ya Jumapili, friza mbili nzima, mzee Milo aliifukia kwa trekta nyuma ya mazizi, peke yake, hakutaka msaada.

Aprili, majani yalipochipua, akaleta ndama mpya malishoni. Noelle alifika na Galen, akasimama uani, pale pale alipoapiwa. Wade alikuwa amemshika ndama kichwa.

"Hajaguswa na—" alianza mzee.

"Baba, usiniapie," alisema Noelle kwa upole. "Kiapo nimeshakila, kikanikwama. Hao elfu nne wako sitawala, hilo halijabadilika. Lakini ajabu ni kwamba nikitaka kujua mmoja wao kala nini tangu aje hapa, daftari litaniambia. Huyu wenu msafi ndiye asiye na habari. Ninataka wa majani, na ninataka na habari zake."

Mzee alitoa mfukoni hereni ya njano. Haikuwa na namba inayofuatana na za boma. Kaiandika mwenyewe kwa wino: 1. Wade akaibana kwenye koleo, akaibana sikioni, ndama akarusha teke na kumpata gotini.

"Haki yako," alisema Galen. Lilikuwa neno lake la tano kwa mdogo wake tangu mwaka mpya.

Noelle alinyoosha mkono, Wade akampa daftari. Akaandika tarehe kwenye ukurasa mpya, na chini yake: *Hakuna dawa.* Akamtazama Wade juu ya daftari.

"Na akiugua?"

"Nitamdunga," alisema Wade. "Siwezi kumwacha aoze mguu ili wewe ufurahi. Nitamdunga na nitaandika, na utasoma kabla ya mzee."

"Na ikiwa siku hazijatimia?"

"Tutamngoja. Sisi tutakula kuku."

Noelle alifunga daftari. Alilishika kifuani kidogo, kana kwamba analipima uzito.

"Kuku wa nani, na kalishwa nini?" aliuliza.

Wade akavua kofia, akajikuna kichwa, akaenda kumuuliza mama yake.